Kiingereza Kinachoanzia Uwanjani

Mazungumzo ya mfanyakazi wa huduma za jamii mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Garissa. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa, pamoja na maswali matatu ya mwisho.

  

Najua wengine wenu mlipopata habari ya mkutano mlidhani tutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa, au juu ya ule mchango wa zamu ambao kila kikundi kina kesi yake. Hayo yana siku yake. Leo nataka tuzungumze juu ya michezo ya watoto. Naona mzee pale mbele anatabasamu. Tabasamu tu, mzee wangu, lakini nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili linahusu kama mjukuu wako atamaliza shule au ataachia njiani.

Tuanze na shida yenyewe. Mtoto wa hapa kwetu anazaliwa katika Kisomali, au Kiorma, au lugha nyingine ya nyumbani. Akifika miaka minne au mitano anakwenda dugsi, na huko anakutana na Kiarabu cha Kurani. Sokoni anasikia Kiswahili. Halafu anaingia shule ya serikali, na Kiingereza kinamngoja. Utaratibu wa nchi, tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka 1976, unasema madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha inayotumika pale shule ilipo, na Kiingereza kiwe somo. Kuanzia darasa la nne, ambalo siku hizi tunaliita Gredi ya 4, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia karibu kila kitu. Hesabu kwa Kiingereza. Sayansi kwa Kiingereza. Mtihani wa Gredi ya 6, ukiondoa ule wa Kiswahili, kwa Kiingereza.

Sasa fikirieni mtoto anayejua kuhesabu mbuzi mia moja na ishirini bila kukosea hata mmoja jioni, anapewa hesabu ya mbuzi kumi na mbili kwenye karatasi, anashindwa. Kushindwa kwake hakutoki kwenye hesabu. Ameshindwa kujua swali linauliza nini. Na sisi watu wazima tunasema huyu hana kichwa, arudi kuchunga. Kama ni msichana, wengine wanaanza kuulizia mchumba.

Jambo la pili mnalijua kuliko mimi. Walimu ni wachache. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa na watu 28 wakauawa, na walimu walikuwamo. Tarehe 2 Aprili 2015 tukawapoteza watu 148 hapa Garissa, katika chuo kikuu, wengi wao wanafunzi. Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe. Baada ya mambo kama hayo Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na zipo shule zilizobaki na mwalimu mmoja au wawili. Mwalimu mmoja mwenye madarasa matatu hana nafasi ya kuzungumza Kiingereza na mtoto mmoja mmoja. Anaandika ubaoni, watoto wanaimba pamoja kile kilichoandikwa, kengele inalia.

Kudai walimu ni haki yetu, na vikundi visiache kuandika barua. Lakini wakati barua iko njiani mtoto anakua. Mwaka mmoja wa mtoto wa miaka saba haurudi tena.

Ndiyo maana nataka niwapeleke mbali kidogo, mpaka Uskoti, ile nchi iliyo kaskazini ya Uingereza. Waskoti si wageni Kenya. Wamisionari wao walianza Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898, na walikuwa kati ya makanisa yaliyoanzisha shule ya Alliance mwaka 1926. Lakini leo nawaacha wamisionari pembeni, nataka watoto wao wa mitaani.

Waskoti nao walikuwa na shida ya lugha shuleni. Kule milimani na visiwani watu walisema Kigaeli. Sheria ya elimu ya mwaka 1872 ilipomlazimisha kila mtoto kwenda shule, haikuweka nafasi yoyote kwa Kigaeli. Kulikuwa na shule ambako mtoto aliyesema lugha ya mama yake alivishwa kijiti shingoni. Mnacheka kwa nini? Mnakikumbuka kibao! Wengi wetu tulikivaa au tuliona mwenzetu akikivaa. Ngũgĩ wa Thiong'o amekiandika kibao hicho katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Kazi ya kibao ilikuwa kumfanya mtoto aseme Kiingereza kwa kuogopa. Matokeo yake mengi ni mtoto anayenyamaza, maana asiyesema lolote havishwi kitu.

Huko Uskoti, katika miji kama Edinburgh na Glasgow, watoto wakitoka darasani walikuwa na shule nyingine barabarani na uani, nayo ni michezo. Wasichana waliruka kamba, walidunda mpira ukutani, waliruka vyumba vilivyochorwa chini, wakisema maneno na nyimbo ambazo hakuna mwalimu aliyewafundisha. Mwaka 1951 walimu wa shule ya Norton Park, Edinburgh, walitengeneza filamu fupi ya michezo hiyo ya wanafunzi wao, ikaitwa The Singing Street. Mmoja wao, James Ritchie, baadaye mwaka 1964 alitoa kitabu chenye jina hilo hilo. Wengine wawili, Iona na Peter Opie, mume na mke, walikusanya michezo na misemo kutoka kwa watoto wapatao 5,000 wa shule 70 za Uingereza nzima, Uskoti ikiwamo, na kitabu chao kikatoka mwaka 1959. Walichoona ni kwamba mtoto mkubwa humfundisha mdogo, mdogo akikua humfundisha mwingine, bila mtu mzima kuingia katikati.

Mtu anaweza kuniuliza, na ni swali zuri: watoto wale walicheza kwa lugha yao wenyewe, sisi tunataka lugha ya kigeni, vinafanana wapi? Vinafanana hapa. Mtoto wa miaka minne anapofika kwenye kamba hajui maneno ya mchezo hata kama ni ya lugha yake. Kwanza anapewa kazi ya kuzungusha kamba. Anazungusha siku nyingi, masikio yako wazi, mdomo umefunga. Halafu siku moja anaruka, na maneno yanatoka yenyewe. Hakuna aliyemwambia simama useme. Kisha maneno ya mchezo ni machache na yanarudiwa mara mia, jambo ambalo darasani lingechosha. Na mtoto anayahitaji kweli: asiposema, mchezo hauendi. Yuko pia mtaalamu wa Marekani, James Asher, ambaye kuanzia miaka ya 1960 alionyesha kwamba mtu hushika lugha ngeni upesi zaidi akiitii kwa mwili, yaani akiambiwa simama anasimama, akiambiwa geuka anageuka. Mama anayemfundisha mtoto kusema anajua hayo bila kwenda Marekani.

Haya, tuingie kwenye michezo yenyewe. Hata hapa nawaomba msiogope, kwa sababu mingi mnayo tayari.

Ule wa kuruka vyumba kwa mguu mmoja, Waskoti huuita peevers. Peever ni kile kitu cha kutupa ndani ya chumba. Watoto wengi walitumia kopo bapa la rangi ya viatu lililokwisha. Makopo hayo yako tele nyuma ya kila duka. Chora vyumba vinane kwenye mchanga. Badala ya kuandika namba peke yake, weka kitu katika kila chumba: jiwe, jani, kijiko, kipande cha kamba, au mchoro wa ngamia. Mtoto akitupa kopo likaangukia kwa ngamia, kabla ya kuruka anasema "I have a camel." Wenzake wanamuuliza "How many camels?" naye anajibu "I have five camels." Akikosa kusema hapotezi zamu, anasaidiwa na aliye nyuma yake. Akikanyaga mstari ndipo anapoteza. Shikeni sana tofauti hiyo. Adhabu iwe ya mguu, isiwe ya ulimi. Siku mkianza kumtoa mtoto kwa sababu ya Kiingereza chake mmerudisha kibao kwa mlango wa nyuma.

Na jina hilo la peever lina faida yake hapa kwetu. Kisomali hakina sauti ya p wala ya v. Ndiyo maana mtoto anasema "ben" akitaka "pen", na "fery" akitaka "very". Si ujinga, ni mdomo ambao haujazoea. Mpe kipande cha karatasi nyepesi akishike mbele ya midomo. Akisema p sawasawa mwanzoni mwa neno, karatasi inaruka. Akisema b, inatulia. Watoto watashindana nani karatasi yake imeruka zaidi. Sisi wa kutoka bara tusiwacheke, maana wengi wetu r na l zinatupiga chenga mpaka uzeeni.

Mchezo wa pili huko kwao ni wa mbwa mwitu. Hapa hakuna mtoto aliyemwona mnyama huyo, kwa hivyo mimi namweka fisi, maana kazi ya fisi usiku kila boma inaijua. Fisi anasimama mbali, hatua kama ishirini, amewapa wengine mgongo. Wanamuuliza kwa pamoja "What time is it, Hyena?" Anajibu "It is four o'clock." Wanapiga hatua nne wakihesabu kwa sauti: one, two, three, four. Wanauliza tena. Wakikaribia, fisi anageuka na kupaza sauti "It is dinner time!" na kuwakimbiza. Atakayeshikwa ndiye fisi mpya.

Mnaona mchezo huu umebeba nini? Swali zima, jibu zima, na namba mpaka kumi na mbili. Lakini pia umebeba saa, ambayo inawasumbua sana watoto wetu. Four o'clock kwa Kiswahili ni saa kumi. Mtoto akitafsiri neno kwa neno, atasema saa nne, na katika mtihani atakosa alama ambazo alikuwa nazo. Basi kila baada ya jibu la fisi, kiongozi aulize kwa Kiswahili, "Kwetu hiyo ni saa ngapi?" Watoto wajibu kabla ya kupiga hatua. Wiki mbili zinatosha, jambo hilo linaingia.

Wa tatu ndio ninaoupenda zaidi, nao ni wenu kabisa: cha mkebe. Watoto wa Uskoti walikuwa nao vile vile, wakiuita kick the can. Mmoja anaulinda mkebe, wengine wanajificha. Mlinzi akimwona mtu anakimbilia mkebe na kumtaja. Nasi tunaongeza sharti moja tu: ataje na mahali, kwa Kiingereza. "I see Halima behind the tank." "I see Abdi under the cart." Akisema under na Abdi yuko behind, Abdi hajashikwa, anaendelea kujificha. Sasa mtasema nimevunja sheria yangu ya adhabu ya ulimi. Sivyo, kwa sababu Abdi mwenyewe ndiye atakayepiga kelele "No, I am behind!" na mlinzi atarudia sawasawa mara moja na mchezo utaendelea. Wanasahihishana wao kwa wao, kwa sababu kila mmoja anataka kushinda. Maneno haya madogo, behind, under, near, between, on, ndiyo yanayomchanganya mtoto katika maswali ya hesabu na sayansi. Ukiyafundisha ubaoni mwezi mzima yanapotea likizo ikifika. Aliyeshikwa nyuma ya tangi la maji hasahau.

Kamba sitaieleza sana, kina mama mnaijua. Siku za wiki, miezi, majina ya jamaa, kila mruko neno moja. Kamba ya mita tano, hata ile ya punda ikioshwa. Mchezo wa kurusha mawe matano ni mzuri kwa siku ya jua kali kwa sababu unachezwa kivulini, na maneno yake ni "my turn" na "your turn". Wazee mkitaka kuwafundisha wajukuu shax kwa maneno hayo hayo, mtakuwa mmetusaidia sana, na mchezo wenyewe hautapotea. Nyimbo za michezo za Waskoti sikuzileta. Nyingi ni za kuchaguana bwana na bibi arusi kwenye duara, na hapa hazina kazi.

Kuhusu namna ya kuendesha. Kila kikundi kina binti au kijana aliyemaliza Kidato cha Nne na yuko nyumbani. Huyo ndiye kiongozi. Watoto kumi na wawili mpaka kumi na watano, wasizidi. Dakika ishirini za mchezo wa Kiingereza, kisha waachwe wacheze wanavyotaka kwa lugha wanayotaka. Maelezo ya mchezo yatolewe kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu sheria ambayo mtoto hakuielewa ni mwanzo wa ugomvi. Mtoto akikosea, kiongozi aseme kile kile sawasawa na kusonga mbele. Akisema "Abdi behind tree", mwambie "Yes, Abdi is behind the tree", imetosha. Wakati mzuri ni baada ya swala ya alasiri, jua likipungua, na wamalize mapema kabla ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani msikimbize watoto, chezeni mawe tu kivulini au mpumzike kabisa.

Gharama hakuna. Najua hilo linawaudhi baadhi ya wenyeviti, maana mradi usio na bajeti hauna posho ya kikao! Lakini wekeni daftari. Andikeni majina, na mwisho wa muhula andikeni kila mtoto anasema sentensi ngapi bila kusukumwa. Mkienda kwa mwalimu mkuu au kwa afisa wa elimu na daftari hilo, mtakuwa na la kuonyesha mnapodai mwalimu.

Na niseme wazi jambo ambalo michezo haiwezi. Haitamfundisha mtoto kusoma. Ulimi utafunguka, masikio yatazoea, aibu itapungua, lakini herufi zinataka kitabu, na kitabu kinataka mwalimu. Kikundi kikiona watoto wanazungumza vizuri na kikadhani kazi imekwisha, watoto hao watafika Gredi ya 4 wakiwa wasemaji wasioweza kusoma swali. Kwa hivyo wiki ya tatu au ya nne anzeni kuandika yale maneno mchangani ndani ya vyumba, mahali pa jani na jiwe.

Mlikuwa na maswali, nayachukua matatu.

Mwalimu mmoja wa dugsi ameuliza, kwa heshima, kama hii ni njia ya kanisa kuwavuta watoto. Nashukuru ameuliza mbele ya watu badala ya kuuliza nyuma yetu. Jibu ni kwamba mchezo uchezwe mahali pa wazi, si katika uwanja wa kanisa, na viongozi wawe wenyeji waliochaguliwa na wazazi wenyewe. Wewe mwalimu karibu ukae pale na kusikiliza kila neno. Orodha ya maneno ya wiki ipitie kwako na kwa wazazi kwanza. Neno msilolitaka litoke. Kama saa zetu zinagongana na za dugsi, sisi ndio tutakaosogea.

Baba mmoja amesema wasichana hawawezi kuruka mbele ya wavulana. Basi wacheze kando, wasichana na kiongozi wao wa kike, ndani ya uzio wa boma. Kule Edinburgh pia kamba na peevers ilikuwa zaidi ya wasichana. Ninachoomba ni kwamba wasikoseshwe kwa sababu kuna maji ya kuchota. Kama kisima kiko mbali, mchezo wao uwe njiani: kuhesabu hatua, kutaja kinachoonekana, "I see a donkey", "I see two donkeys". Mitungi itafika nyumbani vile vile.

Swali la mwisho ni la mama aliye pale nyuma, ambaye mtoto wake hatembei. Ameuliza kama huyo naye ana nafasi. Mama, fisi hahitaji miguu mpaka dakika ya mwisho. Mtoto wako akae chini ya mti, awape wenzake mgongo, aulizwe saa, na yeye ndiye ajibu. Wakati wa "dinner time" achague mwenzake mmoja wa kumkimbilia. Kwenye cha mkebe akae karibu na mkebe awe mwamuzi wa nani amesema under na nani amesema behind. Katika mchezo mzima huyo ndiye atakayesikia na kusema Kiingereza kingi kuliko wote. Mlete Jumamosi, nami nitakuja na kopo.